Barua kwa mwanangu mpiga gitaa

Kihesa, Iringa
Julai

Kamwene mwanangu,

Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekuja na nguvu, asubuhi ukungu unaziba mpaka mparachichi wa jirani hauonekani. Gitaa langu pale ukutani kila alfajiri nalikuta limepanda sauti, nyuzi zimejikaza kwa baridi, na jua likishapiga dirisha zinalegea zenyewe. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu vidole havifuati mawazo. Mdogo wako atazipiga picha kurasa hizi akutumie.

Swali lako nimekaa nalo wiki tatu. Ulinipigia Jumapili ile usiku umetoka kupiga hotelini, sauti imechoka, ukaniuliza: "Baba, kwenye gitaa la jazi kuna kitu kimebaki ambacho hakijapigwa? Kila nikishika kitu kizuri nakuta mtu alishakipiga kabla sijazaliwa." Ukaniambia na yule mpiga saksafoni mwenzenu anasema gitaa la jazi lilishaisha, wanaopiga leo wanarudia ya marehemu. Nikakwambia tutaongea. Sikutaka kukubembeleza usiku ule ulale, halafu asubuhi swali likukute palepale.

Jibu langu ni kwamba sauti ya mtu peke yake bado inapatikana, leo hii, hata kwa msichana wa miaka 24 anayepiga watu wakiwa wanakula. Ila nadhani unaitafuta mahali ambapo haikai.

Unajua zamani zetu neno hili jazi halikuwa na maana unayolipa wewe. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, zikaja Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Zote Jazz, na hakuna iliyokuwa ikipiga muziki wa Wamarekani unaousoma wewe. Lilikuwa dansi. Jazz maana yake bendi yenye magitaa na matarumbeta, basi. Lakini kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: bendi lazima iwe na mtindo, na mtindo lazima uwe na jina. Western walikuwa na Saboso. Tabora, Segere Matata. Atomic ya Tanga, Kiweke. Nuta wakawa na Msondo mpaka jina la mtindo likaimeza bendi yenyewe, na Mlimani Park vivyo hivyo na Sikinde yao. Ukifungua redio katikati ya wimbo, mwimbaji hajafungua kinywa, gitaa la solo limeshakutajia bendi. Sikumbuki kumsikia mwanamuziki wa wakati ule akijiuliza kama kuna kilichobaki. Swali lao lilikuwa jingine: Jumamosi watu wataingia ukumbi gani, wetu au wa wale wa ng'ambo ya barabara?

Na wote hao walianza kwa kuiga, mama. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alizaliwa mwaka 1944 na kufa kwa ajali ya gari kule Mombasa Januari 1979, kijana wa miaka 34 tu. Alikua wakati rumba la Kongo limejaa kwenye kila redio. Franco na Dokta Nico walikuwa walimu wa karibu kila aliyeshika gitaa upande wetu huu wa Afrika, na wanafunzi wao wengi hawakuwahi kuwaona kwa macho. Kaa na nyimbo za Mbaraka jioni moja, wewe na spika nzuri. Kongo utaisikia. Halafu utasikia kitu kingine kinachotembea bila haraka, solo inayoongea kama mtu anayesimulia msiba huku anamenya muhogo. Hicho hakikutoka Kongo. Kilitoka wapi? Mimi sidhani kama hata yeye alikaa chini akakitafuta.

Sasa nije kwa watu wako wa jazi. Tangu unitumie zile nyimbo nimewasikiliza mmoja mmoja, na nimesoma habari zao kwa kadiri nilivyoweza. Aliyenishika ni Wes Montgomery, labda kwa sababu maisha yake nayajua. Mtu wa Indianapolis, amezaliwa 1923, ana familia kubwa, mchana yuko kiwandani na usiku anapiga baa. Noti za kwenye karatasi hakuzijua. Alimsikia Charlie Christian, mpiga gitaa aliyemtangulia, akanunua gitaa, akazikariri solo za yule bwana moja baada ya nyingine, kwa sikio, mpaka klabu moja ikampa kazi ya kuzipiga hizo tu. Anapanda jukwaani, anapiga za Charlie Christian, zikiisha anakaa. Fikiria hapo alipo. Huwezi kumpata mtu aliye nakala kuliko yule.

Kilichomtoa pale hakikuwa wazo kubwa. Alifanya mazoezi usiku baada ya kazi, na kelele zilisumbua nyumbani na kwa majirani, basi akaacha kile kipande cha kupigia akatumia ubavu wa kidole gumba, nyuzi zitoe sauti laini watu walale. Yule nakala akabaki na gumba. Ile sauti nene, ya joto, ambayo leo vijana wa dunia nzima wananunua vifaa ili waipate, ilianzia kwenye heshima kwa watu waliolala. Na rekodi yake ya kwanza kama kiongozi ilikuwa mwaka 1959, akiwa na miaka 36. Nakuomba uiandike namba hiyo pale unapofanyia mazoezi.

Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa Ulaya, nitampitia haraka maana wewe unamjua kuliko mimi. Moto uliunguza gari lao la kuishi mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikakunjamana, na solo zake zote zile zilitoka kwenye viwili vilivyobaki vizima. Watu husimulia habari hiyo kama muujiza. Mimi naisoma kama fundi. Kiganja chake kilikataa njia za wengine, kwa hiyo akapita kwingine, na alikopita ndiko kukawa kwake.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia.

Mwaka 1986 nilikuwa mpiga rithimu kwenye bendi ya kiwanda hapa Iringa. Si Tancut Almasi. Hao walikuwa wakubwa, sisi tulikuwa tukienda kusimama nje ya ukumbi kuwasikilizia. Yetu ilikuwa bendi ndogo, vyombo ni mali ya kiwanda, mchana tuko mashineni, jioni mazoezi kwenye bwalo. Kila Ijumaa kiongozi wetu alitugawia kaseti yenye wimbo wa Kongo, na Jumatatu kila mtu aje anajua sehemu yake. Nilikuwa na redio kaseti ya betri sita. Betri wakati ule zilikuwa adimu kama sukari. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zipate uhai wa nusu saa nyingine, na kurudisha mkanda nyuma hatukutumia betri kabisa, tulichomeka kalamu kwenye tundu la kaseti tukazungusha kwa mkono.

Betri zikiisha nguvu redio haizimi ghafla. Inazembea. Mota inapunguza mwendo, wimbo unashuka, mwimbaji anakuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini, na gitaa lililokuwa linaruka linaanza kuburuta mguu. Kuna wimbo mmoja niliujifunza wote kwa betri zilizokufa, nami sikujua. Kwa kuwa ulikuwa unakokota, kati ya pigo na pigo kulikuwa na shimo, na mkono wangu haukuweza kukaa bure kwenye shimo lile. Nikatia pigo bubu. Kiganja kinaziba nyuzi, kile kipande nilichokata kwenye kopo la plastiki kinapita juu yake, inatoka sauti kavu tu, kama mtu anayefagia mara moja akaacha. Nilirudia hivyo Jumamosi na Jumapili nzima.

Jumatatu bendi ikapiga kwa mwendo wake wa kawaida, nami nikapandisha sauti hadi ufunguo wao, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshajifunza. Pigo langu bubu likabaki mle ndani. Jumamosi tukapiga ukumbini. Naikumbuka sakafu ile ya saruji, na naikumbuka miguu. Watu wakifika pale penye pigo langu walikuwa wanaburuta mguu wa kulia, wote, bila kuambiana, ukasikika mkwaruzo mmoja wa viatu ukumbi mzima. Mama aliyekuwa anauza ulanzi mlangoni aliweka kikombe chini akaingia kucheza. Jumamosi iliyofuata wakaburuta tena, na safari hii walikuwa wanalisubiri.

Kiongozi akaniita. Akaweka kaseti kwenye redio yenye betri mpya mbele ya wenzangu wote, akasema, "Hiyo unayopiga siyo yenyewe. Sikiliza." Nikasikiliza. Alikuwa na haki, siyo yenyewe. Gitaa halikuwa langu, kazi ya kiwandani nilikuwa naihitaji, na kwa kweli niliona aibu kwamba nimekosea wimbo ambao mtoto wa mtaani anaujua.

Nikarekebisha. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa napiga sawasawa na kaseti, na ule mkwaruzo wa viatu haukusikika tena. Hakuna aliyeuulizia. Nami sikuuulizia mpaka kiwanda kikafa na bendi ikafa nacho. Miaka hii nimejaribu kulirudisha pigo lile, usiku mmoja moja ukiwa umelala au umeshaondoka, na silipati. Najua lilikuwa wapi lakini mkono umesahau namna lilivyoingia.

Ndiyo maana nikisikia kijana anasema kila kitu kimeshapigwa, moyo unaniuma kwa sababu nyingine kabisa na ile anayoidhani.

Tofauti ya wakati wako na wangu naiona hapa. Nilimwangalia mdogo wako anajifunza wimbo juzi. Video inamwonyesha kidole kipi kikae uzi upi. Akitaka polepole, anagusa mahali, wimbo unapungua mwendo na sauti haishuki hata chembe. Ni kitu kizuri, wakati wangu ningeuza mbuzi nikipate. Lakini nikaona hakuna mlango wa kosa kuingia. Kijana wa Dar, wa Seoul na wa São Paulo wanafundishwa kidole kilekile, na mwalimu yuleyule, asubuhi ileile. Ukisikia wanafanana usiseme muziki umeisha. Wamejifunza kwa macho, na macho yanaiga barabara mno. Sikio ndilo linalokosea vizuri, kwa sababu kila mtu ana lake, na limelelewa na nyumba yake.

Basi nakuomba ujaribu hivi, uniambie baada ya miezi mitatu. Chukua mtu mmoja, rekodi moja. Usitazame mkono wake wala wa mwalimu yeyote. Kila mstari uimbe kwanza kwa kinywa mpaka uweze kuuimba unaosha vyombo, ndipo ushike gitaa. Pale kinywa chako kinapoukataa mstari na kuweka chake, simama hapo. Usikimbilie kusahihisha. Halafu utafute hata mara moja kwa wiki mahali ambapo watu wanacheza. Wanaokula hotelini watapiga makofi kwa adabu hata ukipiga ovyo. Mguu hauna adabu, ukikipenda kitu unakifuata, usipokipenda unabaki chini ya meza.

Wapo watakaokushauri: wewe ni wa Iringa, tia ngoma za kwenu, utakuwa tofauti. Ushauri huo naukataa nusu. Unalikumbuka ligombo la babu yako, ule ubao uliochongwa kama hori dogo, nyuzi zimepitishwa huku na huku, na kibuyu cha kukuza sauti. Alikuwa analipiga jioni akiimba chini kwa chini, kama anaongea na mtu aliyekaa ndani ya kibuyu. Ukichukua sauti ya ligombo ukaibandika juu ya kodi (zile noti zinazopigwa pamoja) za gitaa za Kimarekani ili watalii waseme "oh, Afrika", umevaa shuka la Kimasai na wewe si Mmasai. Lakini babu alikuwa na tabia ya kuchelewa. Nyuzi zinatangulia, yeye anaingia baadaye, wakati umeshadhani haimbi tena. Wewe ulikuwa unalala mapajani mwake ukisikia hayo. Hiyo huhitaji kuibandika. Kama ipo, ipo kwenye mwendo wa pumzi yako, na kama haipo si kosa lako.

Nikutajie wawili walio hai, usije ukasema nimekujaza wafu. Lionel Loueke, amezaliwa Benin mwaka 1973. Alipoanza hakuwa na pesa ya nyuzi, akawa anaziloweka kwenye siki ziamke, na zikikatika anatumia waya wa breki ya baiskeli. Sisi tulikuwa tunazichemsha kwenye sufuria, bibi yako alinifukuza jikoni mara ngapi! Mtu huyo leo amepiga na mpiga piano Herbie Hancock dunia nzima. Anachomeka karatasi kwenye nyuzi mpaka gitaa linalia kama kalimba, na anagonga ulimi huku anapiga. Mwanzoni nilidhani ni watu watatu. Mwingine ni mwanamke, Mary Halvorson wa Marekani, wa mwaka 1980, aliyepewa ile tuzo kubwa ya MacArthur mwaka 2019. Anapiga noti safi kabisa, kisha kwa kifaa cha mguuni anaipinda ghafla kama kijiko cha plastiki kilichokaa juani. Mara ya kwanza sikumpenda. Mara ya tano nilimtambua kwa noti mbili, nikiwa bafuni na mlango umefungwa. Hao wameanza baada ya Wes, baada ya kila mtu ambaye mwenzenu wa saksafoni anasema alimaliza kazi. Mwulize kama amewasikiliza.

Siwezi kukuahidi kwamba wewe utaipata. Wapo waliopiga miaka 40, wapigaji wazuri, na hawakuwahi kuwa na chao, na hawakuwa wavivu. Kukuahidi ningekuwa nakudanganya, na wewe si mtoto tena.

Lakini kuna hili. Mwezi uliopita ulinitumia ule wimbo wa taratibu uliorekodiwa hotelini, sahani zinasikika nyuma. Chini yake ukaandika: "Samahani baba, kwenye dakika ya nne nimepotea, nitakutumia nyingine." Na nyingine ikaja siku ya tatu, safi, hakuna pa kushika. Nimezisikiliza zote mbili mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kwenye ile ya kwanza, dakika ya nne, mpiga ngoma anaendelea na wewe umeachwa. Badala ya kukimbilia kuwahi, unapiga noti moja. Unairudia, chini zaidi. Unairudia tena, chini kabisa, karibu haisikiki. Halafu unanyamaza, nami nahesabu, na unaingia wakati nimeshakata tamaa. Mama yako alikuwa anamenya viazi, hakuwa anasikiliza muziki. Kisu kikasimama. Akasema, "Hapo kama mama mkwe anasalimia." Nikairudisha nyuma, na kweli. Unamkumbuka bibi yako alivyokuwa akimwamkia mtu njiani, kamwene, kamwene, kamwene, kila moja imeshuka kuliko ya kabla, mpaka wamepishana na ya mwisho anaimalizia peke yake.

Kwenye ile safi hakuna.

Ile ya kwanza usiifute. Kama umeshaifuta, mimi ninayo, na nimemwambia mdogo wako aiweke na mahali pengine simu isije ikanifia. Sasa na mimi nina swali, ukipata nafasi unijibu: pale ulipotea kweli, au vidole vilikuwa vinakwenda mahali wewe ukaogopa kuvifuata? Jaribu kupapiga tena kabla mkono haujasahau. Jaribu wiki hii.

Kesho asubuhi naleta kifurushi stendi. Kuna viazi, maharage kidogo, na seti mbili za nyuzi nilizonunua mjini, zile nyembamba unazopenda. Nitakupigia nikishampa konda ili ukakipokee jioni.

Baba yako